Pamba ya Alhamisi

Baba yangu alifundisha akitembea. Kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, chaki imekaa nyuma ya sikio kama penseli ya fundi seremala, na sisi darasa la saba tulimfuata kwa shingo. Alifundisha hisabati kama mtu anayewahi basi la Kahama, lakini hakumwacha mtu njiani. Ukikwama alirudi, akachuchumaa kando ya dawati lako, akachora duara kwenye vumbi la sakafu na kulikata kwa kidole mpaka sehemu zikaeleweka. Kisha akainuka, akaendelea kutembea.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Alikula nusu amesimama. Mama alimwambia, "Kaa basi, Baba watoto. Ugali hauna miguu." Alikaa. Kabla tonge la pili halijashuka, alikuwa mlangoni anaangalia barabara.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, watu wengi walikuwa wanaangalia barabara. Habari za dhahabu ya Geita zilifika kwetu kila juma zikiwa zimenenepa. Mwalimu wetu wa Sayansi alikwenda huko wakati wa likizo, na shule ilipofunguliwa hakuonekana. Alipokuja kuonekana, alikuwa amefuata kitanda chake, amevaa saa mbili, moja kila mkono. Hatukujua kama ametajirika au amechanganyikiwa. Baba alizisimulia zile saa kwa siku nyingi, akicheka, halafu akinyamaza ghafla katikati ya kicheko.

Geita ilikuwa mbali. Maganzo ilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Shule yetu ilikaa kati ya Songwa na Maganzo, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Upande mmoja yalikuwa mashamba ya pamba, upande wa pili mashimo ya wachimbaji wadogo wa almasi. Kwa hiyo watu wa kwetu walitembea wakitazama chini. Mkulima alitazama magugu, mchimbaji alitazama changarawe, na sisi watoto, kila baada ya mvua, tulitazama chini kwa sababu ilisemekana bibi mmoja aliwahi kuokota jiwe akiwa anafukuza kuku.

Mwalimu Mkuu mpya alikuja mwanzoni mwa muhula wa pili, wakati pamba imejaa majumbani. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kusugua vidole gumba na shahada kila anapowaza. Kabla ya kusomea ualimu alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kazi yake ikiwa kuipanga: hii safi, hii fifi. Huku kwetu hakuna asiyejua tofauti hiyo. Safi ni ile nyeupe iliyochumwa ikiwa kavu. Fifi ni ile ya manjano, iliyonyeshewa au kuliwa na wadudu, na hata mtoto anayejifunza kutembea hawezi kuitia kikapu kimoja na nyenzake nyeupe bila kupigwa kofi.

Siku yake ya kwanza mstarini hakuongelea nidhamu wala nywele zetu. Alisema, "Nilikaa kiwandani miaka mitano napanga pamba. Kila siku nilitoa uchafu kwenye magunia, na kila siku magunia yalikuja na uchafu. Nikachoka. Nikaenda mashambani kuangalia unakoingilia. Hapa nitafanya hivyo."

Hatukuelewa. Walimu wakatazamana.

Baada ya siku chache akafumua magunia mawili, akayashona kuwa pazia moja, akalitundika kwenye ukuta wa nyuma wa darasa letu. Akachora mistari kwa mkaa: siku zikashuka, masomo yakalala. Kila kisanduku akakichomekea miiba ya mgunga, mmoja kwa kila kipindi. Utaratibu ulikuwa huu. Kila kipindi kinapokwisha, mwalimu anauliza maswali matano mafupi ya alichofundisha, tunaandika majibu, tunabadilishana madaftari na kusahihishana. Zaidi ya nusu ya darasa wakipata, kwenye mwiba linawekwa fumba la pamba safi. Wasipopata, fifi. Kipindi kisipofundishwa, mwiba unabaki mtupu.

"Kwa nini pamba, Mwalimu?" aliuliza mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja mrefu asiyependa mambo mapya. "Si tungeandika tu namba kwenye karatasi?"

"Karatasi wataisoma wangapi, wakija wazazi?"

"Mimi nilisomea ualimu, Mwalimu Mkuu. Sikusomea kuchumwa."

Walimu wakacheka. Yeye pia alicheka, akisugua vidole. "Sikupimi wewe, mwalimu mwenzangu. Napima kipindi. Kikitoka fifi hatuulizi nani. Tunauliza wapi, na kwa nini."

Akanichagua mimi kuwa mtunza gunia, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, alisema, ingawa kazi yenyewe haikuwa na mwandiko. Mchana nilikwenda ofisini na hesabu ya siku, naye akanipa mafumba kutoka kwenye kikapu chake, nami nikarudi kuyachomeka. Niliipenda kazi ile kwa pupa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikuwahi kushika kitu ambacho watu wazima walikiogopa.

Na kilifanya kazi. Baada ya majuma mawili mstari wa Maarifa ya Jamii ulikuwa wa manjano toka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa somo hilo akasema sisi ni wavivu. Mwalimu Mkuu akaingia darasani, akakaa kwenye dawati la nyuma, magoti yamemfika kidevuni.

"Kipindi hiki mnasinzia. Kwa nini?"

"Tumechoka, Mwalimu."

"Mmechoka kwa nini?"

"Tumetoka lamboni."

"Lamboni mnafuata nini saa nne?"

Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, msichana asiyeogopa kitu, akasema, "Maji ya walimu."

Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa, akatoka. Kesho yake maji ya walimu yakahamishiwa jioni, baada ya masomo. Juma lililofuata mstari wa Maarifa ukaanza kuwa mweupe kwa mafumba matatu kati ya matano, na mwalimu yule yule aliyetuita wavivu akawa anapita nyuma ya darasa kuutazama, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua shamba lake.

Tatizo lilikuwa Alhamisi.

Kwa muda mrefu kabla ya gunia, Alhamisi ilikuwa siku tulivu kuliko zote. Jumatano jioni baba aliandika maswali ubaoni, safu tatu, kwa mwandiko wake ulioinama kama mtu anayepanda mlima. Alhamisi tulikuta maswali, tukayafanya kimya vipindi viwili. Mwalimu Mkuu wa zamani alikuwa akipita dirishani na kusifu: darasa la saba lina adabu. Hakuingia kuuliza mwalimu yuko wapi. Mimi nilijua. Kabla jua halijatoka alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda Maganzo.

Alikuwa amejiunga na shimo la mtu mmoja mwenye kiwanja. Shimo lile lilikuwa na utaratibu wa zamu: kila mwanachama alikuwa na siku yake ya kuchekecha. Changarawe inayotolewa siku hiyo ni bahati yake, na jiwe likitoka ni lake, akishamkatia mwenye kiwanja na wasaidizi wake. Siku ya baba ilikuwa Alhamisi. Alirudi jioni na macho mekundu, udongo wa manjano umeingia kwenye kucha, na Ijumaa alifundisha akipiga miayo, akirukaruka mada, akiuliza swali na kulijibu mwenyewe. Hakuwahi kupata jiwe. Siku moja alipata kitu kidogo kama chembe ya chumvi, dalali akakigeuzageuza chini ya jua na kumrudishia. "Mwalimu, hii ni chupa," akamwambia. Baba aliifunga ile chupa kwenye karatasi ya daftari na kuitunza.

Sikumlaumu. Mshahara ulikuja unapotaka. Lakini sasa nikiandika haya naona hakuwa anakwenda Maganzo kwa shida peke yake. Alikwenda kwa sababu kule mtu aliamka asubuhi bila kujua jioni atakuwa nani. Darasani alijua.

Alhamisi ya kwanza ya gunia, nilisimama mbele ya miiba miwili mitupu. Darasa zima lilikuwa limekwenda nyumbani. Mwiba mmoja ulikuwa umepinda kidogo, nikaunyoosha, ukanichoma. Nilisimama pale huku nikinyonya kidole, nikifikiria mkutano wa wazazi uliokuwa unakuja, na wazazi wote wakipita mbele ya gunia lile. Sikuweza kwenda ofisini kuomba mafumba ya kipindi kisichofundishwa. Nyumbani hatukuwa na pamba. Sisi tulikuwa familia ya chaki. Kitu pekee chenye pamba kilikuwa mto wa kitandani wa mama.

Ijumaa asubuhi niliwahi shuleni kuliko mtu yeyote, na mafumba mawili meupe yamefichwa ndani ya soksi.

Nilifanya hivyo Alhamisi tano. Sikuweza kutulia. Nilikuwa naamka na kwenda kuchungulia kama mshono wa mto umefumuka. Darasani nilikaa upande upande ili nilione gunia kwa pembe ya jicho. Mwalimu Mkuu akiingia, niliinamia daftari. Alipita mbele ya ule mstari wa hisabati mara nyingi, akasimama, akasugua vidole, akaondoka. Baba hakuuliza kitu, ingawa aliona weupe wa Alhamisi kama nilivyouona mimi. Siku moja tu, njiani, aliniambia, "Mama," maana nilirithi jina la mama yake na hakuwahi kuniita kwa jingine, "gunia lenu mwaka huu lina mavuno." Akacheka kidogo na kuongeza mwendo, ikanilazimu kukimbia kumfikia.

Mama alilalamikia shingo. "Huu mto unakonda kama ng'ombe wa kiangazi," alisema akiupigapiga. "Sijui kuna panya?"

"Labda, mama."

"Panya gani anakula pamba akaacha mahindi?"

Mkutano wa wazazi ulifanyika darasani kwetu, mchana wa Jumamosi. Walikuja wengi kuliko kawaida, maana habari ya shule inayopima walimu kwa pamba ilikuwa imefika hadi mnadani. Walijibana kwenye madawati yetu, watu wazima wawili wawili, baiskeli zimejazana nje. Walimu walikaa mbele kwenye viti. Baba alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Mimi niliwekwa kando ya gunia nieleze.

Nilieleza. Safi, fifi, mwiba mtupu. Nilitarajia maswali. Hayakuja. Walishaelewa kabla sijamaliza. Walianza kunyoosheana vidole kule kwenye Maarifa ya Jamii palipogeuka kutoka manjano kuwa meupe. Mwalimu Mkuu alipoeleza habari ya maji, mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe maji ndiyo yalikuwa yanatunyeshea!" na darasa likacheka.

Ndipo akainuka mama wa rafiki yangu wa dawatini. Mama huyu alikuwa mkulima wa pamba aliyeogopwa hata na karani wa mizani, kwa mdomo na kwa macho. Hakujua kusoma herufi. Alitembea hadi kwenye gunia akiwa amekunja mikono, akaanza kulisoma taratibu, kichwa kikienda kushoto na kulia.

"Mwangaluka, binti," akaniamkia kwa Kisukuma kama asubuhi, ingawa ilikuwa mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii ni hesabu?"

"Ndiyo, mama. Hisabati."

"Jumatatu safi. Jumanne safi. Jumatano safi. Alhamisi safi sana. Ijumaa fifi." Akahamia juma linalofuata. "Alhamisi safi sana. Ijumaa fifi. Na hapa tena." Akageuka kuwatazama watu. "Jamani, mvua gani hii inayonyesha Ijumaa peke yake?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Aliinua mkono, akachomoa fumba la Alhamisi, akalibonyeza. Akalivuta, likatanuka kama moshi. Alikunja uso. Akachomoa la Jumatano, akalibonyeza nalo, mbegu zikaonekana chini ya vidole. Akarudi kwa la Alhamisi. Akalinusa.

"Hii haina mbegu," akasema.

Akaliinua juu watu walione.

"Haina mbegu, na imelaliwa." Akanusa tena. "Ina mafuta ya nazi! Hii pamba imetoka kitandani kwa mtu!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Madawati yalilia. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwalimu Mkuu, kumbe shule yako Alhamisi inalala!" Mwingine, "Tena inalala na mto!" Mama yangu alikuwa dawati la tatu. Nilimwona akishika shingo yake, polepole, halafu akanitazama, na sijui kati yetu nani aliona aibu zaidi.

"Sasa hili shamba la nani?" aliuliza yule mama. Hakuwa anacheka tena.

Mwalimu Mkuu alisimama. "Mama, hapa hatuulizi nani. Tunauliza wapi."

"Ninyi mnaosoma ulizeni wapi. Sisi tunaolima tunauliza nani, maana shamba lina mwenyewe. Mwanangu ana mtihani wa kumaliza shule. Nani anamfundisha Alhamisi?"

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyeweka pamba. Mwiba ulikuwa mtupu."

"Sikukuuliza wewe, binti."

Kiti kilikwaruza sakafu. Baba alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama bila kutembea. "Mtoto hana kosa," akasema. "Alhamisi mimi siko hapa. Nakuwa Maganzo."

Nilingoja ghadhabu. Badala yake wanaume kadhaa walianza kutazama miguu yao. Mmoja alikohoa. Ikanijia kwamba walikuwa wanajua. Kwamba nusu yao walikuwa wakikutana naye kule, wamepakaa udongo ule ule, wakamwita Mwalimu na kumpisha kwenye maji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza watoto wake wako na nani saa ile. Kumbe pamba ile haikuwa imemficha mtu. Ilikuwa imemfunika mtu aliyekuwa uwanjani, mbele ya macho ya wote.

Mwalimu Mkuu alisugua vidole. "Kwa nini Alhamisi, Mwalimu?" aliuliza, kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza habari za maji.

"Ndiyo zamu yangu."

"Kwa nini zamu yako iwe Alhamisi?"

"Ndiyo iliyokuwa wazi nilipojiunga. Jumamosi na Jumapili zina wenyewe."

Yule mama aligeuka taratibu kuelekea madawati ya nyuma, fumba la pamba bado mkononi.

"Baba watoto," akasema. "Simama."

Mume wake alisimama. Alikuwa mtu mrefu mwenye aibu, kofia mikononi.

"Wewe si uko shimo hilo hilo?"

"Niko."

"Siku yako ipi?"

"Jumamosi. Lakini leo nimeacha kwa ajili ya mkutano..."

"Mpe Mwalimu Jumamosi. Chukua Alhamisi."

"Mke wangu, zamu si mbuzi, kusema unampa tu mtu..."

"Mtoto ni wa nani?" akauliza. Watu wakaguna wakimuunga mkono. "Wewe Alhamisi unafundisha nani? Unafundisha chekeche. Mpe."

Walibadilishana zamu mbele ya watu wote, kwa kushikana mikono juu ya dawati letu. Baba alisema, "Wabeja," kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, "Asante." Akakaa. Goti lake lilikuwa linachezacheza.

Watu walipokwisha kuondoka, Mwalimu Mkuu aliniita. Nilidhani nitachapwa.

"Niliiona juma la kwanza," alisema, akichomoa mafumba yangu moja moja. "Pamba isiyo na mbegu naijua nikiwa nimefumba macho."

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

"Ningekuambia, ungeacha kuweka. Ningebaki na miiba mitupu isiyoulizwa na mtu, na baba yako angebaki Maganzo." Akasugua vidole. "Lakini sikufanya vizuri. Nilikuacha uhangaike majuma matano. Nilikuwa nimekaza macho kwenye gunia, nikasahau aliyelishika." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba radhi kabla ya hapo. Nilisema, "Ndiyo, Mwalimu," nikakimbia.

Alhamisi iliyofuata baba alifundisha. Nayo iliyofuata. Alifundisha vizuri, Mungu ni shahidi. Mafumba yaliyopanda kwenye mstari ule yalikuwa na mbegu ndani. Hata Ijumaa zikaanza kusafika. Lakini kuna kitu kilimzidi. Kutembea kwake kukawa kwa kasi zaidi, na kila alipofika dirishani alisimama nukta moja zaidi, uso umeelekea Maganzo. Jumamosi alikwenda zamu yake akarudi mikono mitupu. Nyumbani tulijifunza kutomgusa kwa maneno.

Alhamisi ya tatu alikuwa anaanzisha asilimia. Nakumbuka ubaoni aliandika mia moja, akaizungushia duara. Nje tukasikia kengele ya baiskeli ikilia mfululizo, bila kukoma, kama mtu anayefukuza ndege. Mwanamume alipita uwanjani akipiga kelele, akaelekea kijijini, na maneno yake yaliingia dirishani vipande vipande. Jiwe. Limetoka jiwe. Halafu akalitaja shimo, na halafu akamtaja mwenye zamu, kama watu wanavyotajana kwetu: baba wa fulani. Fulani huyo alikuwa amekaa kando yangu, ameshika kalamu.

Hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini, akaitazama, akaiokota tena.

Baba alikuwa dirishani. Alibaki pale muda mrefu, mgongo umetuelekea. Niliona shati lake likipanda na kushuka. Tulikuwa watoto arobaini, na kila mmoja wetu alijua Alhamisi hii ilikuwa ya nani kabla ya mkutano. Nilitaka ageuke, na niliogopa atakapogeuka. Nilijiambia kwamba akitoka mlangoni sasa hivi, akapanda baiskeli, sitamlaumu, na hapo hapo nikajua kwamba nitamlaumu maisha yangu yote.

Aligeuka. "Asilimia," akasema, "ni sehemu ya mia."

Aliendelea hadi mwisho wa kipindi, lakini tulikuwa tunasikia sauti tu. Aliruka hatua. Alifuta jambo kabla hatujaliandika. Alipouliza maswali matano, walipata wachache, siwezi hata kukumbuka kama mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikwenda ofisini, Mwalimu Mkuu akanipa fifi, kisha akaniuliza, "Yuko darasani bado?" Nikasema yuko. Akaachia pumzi.

Baba alikuja kuondoka kwenda Geita baadaye, wakati mimi nimeshamaliza pale. Miguu ile isingeweza kukaa. Lakini si mwaka ule, wala si juma lile. Ijumaa tulipofika shuleni, kabla ya kengele ya kwanza, alikuwa ameshafika. Ubao ulikuwa umefutwa kwa maji, umekauka. Alisubiri hadi wa mwisho akakaa.

"Jana sikufundisha," akasema. "Nilisema tu. Tunaanza upya."

Akachukua chaki.

"Jiwe limetoka Maganzo. Mmesikia?"

Tukatazama madaftari.

"Mmesikia au hamkusikia?"

"Tumesikia, Mwalimu."

"Jiwe zima ni asilimia mia. Mwenye kiwanja anachukua robo yake. Kinachobaki, wasaidizi wanachukua theluthi moja. Mwenye zamu anabaki na asilimia ngapi ya jiwe?"

Alianza kutembea. Chaki ilikuwa mkononi, si nyuma ya sikio, naye alikuwa anaibonyeza hivi kwamba unga ulikuwa unadondoka. Mlangoni, dirishani, mlangoni. Hakuna aliyeinua mkono. Si kwamba swali lilikuwa gumu. Kila mmoja aliona kwamba anatuomba tupime kitu alichokosa, na tulimpenda mno kuweza kumtajia.

Rafiki yangu alikuwa anaandika. Niliona kalamu ikigawanya mia kwa nne, ikatoa, ikagawanya tena. Alifika kwenye jibu, akalifunika kwa kiganja. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Kisha akainua mkono, taratibu, kama mtu anayenyoosha mkono kwenye moto.

"Ndiyo," baba akasema.

"Hamsini, Mwalimu." Akaondoa kiganja kwenye daftari. "Asilimia hamsini. Nusu."

"Nusu." Baba alisimama mbele ya dawati letu. Alimtazama yeye, si mimi. "Umeipataje? Njoo uwaoneshe wenzako, polepole, usiruke hatua."

Akamnyooshea chaki.